Vipande Vyeupe vya Utepe

Kila akitoka shule, Mkasi aliketi kando ya cherehani ya mama yake, akipunguza nyuzi kwa mkasi wake mdogo na kusikiliza umbea wa wateja. Jina hilo alibandikwa na dada yake, maana mkono wake haukuona kitambaa kilichozidi ukakiacha.

Leo duka lilijaa pomoni, naye alijibanza nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Dirisha hakuna. Mlango wa duka ni mmoja, na hapo alisimama mwalimu wa sayansi.

"Fundi, nimefuata utepe wangu. Maonyesho ni kesho."

Utepe huo ulikuwa mfano wa jeni ya binadamu: vipande vyekundu vyenye maelekezo ya kutengeneza protini, na katikati yake vyeupe visivyo na maelekezo hayo. Mama aliombwa apinde kingo tu. Jana Mkasi, alipobaki peke yake, aliona vyeupe ni makapi. Akavikata, akaunganisha vyekundu.

Mama akaukunjua. "Mbona mfupi hivi?" Akamgeukia binti yake mkubwa. "Umeufanya nini utepe wa watu?"

"Mama, hata sijaugusa!"

"Nani mwingine anashona hapa, paka?" Wateja wakacheka. "Kuanzia leo usiguse cherehani yangu!"

Dada akaangua kilio. Mkasi akaziba masikio, kilio kikapenya vidoleni.

"Jamani, nani kajifungia humu?" mteja akauliza. "Nataka kujaribu gauni!"

Mkasi akalivuta pazia mwenyewe. "Ni mimi, mama. Nilidhani ni makapi. Vyeupe vimo kapuni."

Mwalimu akachuchumaa mbele yake.

"Mwanangu, hata seli hukata vyeupe. Lakini hunakili jeni kwanza, ikakata kwenye nakala. Jeni yenyewe haiguswi. Na baadhi ya vyeupe husaidia kuamua jeni ifanye kazi lini. Vingine bado tunavichunguza."

"Kumbe kama karatasi yangu ya vipimo!" mama akasema. "Nakata kitambaa, karatasi naitunza."

Akamwomba binti mkubwa radhi mbele ya wateja wote. Mtu na dada yake wakarudisha vyeupe wakifuata matundu ya sindano, kisha wakashona nakala fupi kwa vitambaa vilivyobaki. Mwalimu akaondoka na tepe mbili.

Mama akamkabidhi Mkasi mkasi wake. "Usichokijua kazi yake, uliza kabla hujakata. Na ukishakata, sema upesi, mwenzio asilie kilio chako."