Wenyewe Wamehama

Kwa jina la Yule ambaye kila alfajiri hurudisha roho kwa wenyewe, na asiyekosea nyumba, naanza. Rehema zimshukie Mtume wake, na jamaa zake wema, na kila aliyetangulia akawa anasubiri kuitwa. Ama baada ya hayo:

Mimi ninayewasimulia ni mtoto wa saba na wa mwisho wa mfunga vitabu na mshona nguo. Baba yangu alizaliwa na mwalimu wa chuo, naye mwalimu alizaliwa na mchonga milango, na waliokuwa kabla yake wanajuana wao na Mola wao. Nilizaliwa ghorofa ya tatu, chumba cha nyuma, katika jengo lililo katikati kabisa ya mji, ng'ambo ya posta kuu. Nayataja haya kwa sababu leo ukiwaambia vijana kwamba pale watu walizaliwa, wanacheka. Wanadhani tangu dunia iumbwe pale pana ofisi tu.

Hapakuwa hivyo. Ngazi zile zilinuka sabuni ya kufulia na vitunguu vikikaangwa. Mwanamke wa ghorofa ya pili alikuwa akimwita mwanawe dirishani, na mtaa mzima unamsaidia kuita. Kisha akaja mwanasheria mmoja akapenda vyumba vya mbele. Wakafuata watu wa bima, wakafuata wapima ardhi. Katika muda wa miaka miwili mtaa wote ukahamishwa, nyumba moja baada ya nyingine, tukapelekwa pembezoni kwenye nyumba mpya zilizonuka saruji mbichi. Mama yangu hakuizoea ile nyumba. Kila magharibi alijifunga kanga yake vizuri akakaa kitandani, akaniuliza, "Tunarudi lini nyumbani?" Nami, kwa kumtuliza, nilimjibu, "Kesho, Mama."

Mwaka wa pili tukamzika. Mungu anisamehe ile kesho.

Aliyekataa kuhama ni mmoja tu, dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mchanga. Alikuwa mpokea simu wa kampuni ya meli kwa miaka thelathini na mmoja; kazi yake kujibu watu asiowaona na kuwaambia kwamba wamtakaye hayupo. Alipostaafu alibaki peke yake miaka kumi na moja katika chumba kile kile cha nyuma, juu ya ofisi tatu na duka la miwani. Mchana alikuwa na majirani mia. Jioni hakuwa na hata mmoja.

Mwaka huo ninaousimulia aliteleza bafuni siku ya mapumziko. Akalala sakafuni siku mbili akiita. Hakuna aliyemsikia, maana hapakuwa na wa kumsikia. Aliokotwa na karani wa bima aliporudi kazini. Nikala kiapo kwamba mapumziko mengine hayatamkuta pale.

Basi siku ya mwisho ya kazi, kabla ya mapumziko ya siku tatu, nikaenda kumchukua. Nilikusudia kufika alasiri, lakini wanafunzi wangu walinishikilia na suala la mirathi, nikafika saa kumi na moja kasoro dakika chache. Nikayaona niliyokuwa nikiyaona kila mara bila kuyatazama.

Saa ilipofika, milango yote ilifunguka kwa pamoja. Watu walimwagika. Hawakusimama kununua gazeti, hawakuagana. Waliinamisha vichwa wakaenda, kama walioitwa na mtu mmoja. Nilimsimamisha karani wa bima, yule yule aliyemwokota dada yangu.

"Mwanangu, haraka ya nini?"

"Foleni, shehe."

"Hata wanaokwenda kwa miguu?"

Alicheka kidogo. Kicheko hakikufika machoni. "Foleni tu, shehe," akasema, akaondoka karibu kukimbia.

Gari nililokodi lilichelewa, nikabaki pale kulisubiri. Kufika saa kumi na moja na nusu ningeweza kusikia karatasi ikiburutwa na upepo upande wa pili wa barabara. Msikiti wa pale, ambao adhuhuri safu zake humwagika mpaka njiani, magharibi ulikuwa na imamu na watu wawili. Nikawa wa tatu. Tulipotoa salamu, wenzangu walivaa viatu bila kufunga kamba.

Mlinzi wa jengo alikuwa ameketi nje, kiti chake amekiweka barabarani kabisa.

"Mbona umekaa mbali na mlango unaoulinda?" nikamtania.

"Wezi hawaji huku, mzee wangu. Wezi wana akili." Akanitazama toka kilemba mpaka viatu. "Unapanda kwa bibi? Muda huu?"

"Namhamisha."

"Heri. Mwambie bado namwogopa kuliko bosi wangu." Kisha akashusha sauti. "Ila kama hamtashuka sasa hivi, basi shukeni asubuhi. Katikati ya hapo... mimi sipandi. Hata mkinipigia kelele."

Nikapanda. Taa za ngazi zilikuwa zimezimwa. Ofisi zilikuwa zimefungwa, na nyuma ya vioo viti vilitazamana mezani kama watu waliokatizwa mazungumzo. Ghorofa ya pili nikasimama kuvuta pumzi.

Harufu ya vitunguu vikikaangwa.

Nikajiambia ni dada anapika. Nilipofika nikakuta jiko lake baridi.

"Mziwanda!" akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu utotoni. "Umechelewa, na umenenepa. Hao wanafunzi wanakufunza nini, kula?"

"Dada, masanduku yako wapi? Gari linasubiri."

"Masanduku yako tayari. Mimi ndiye siko tayari. Kaa." Alikuwa ameshakwenda mlangoni, akichechemea, akakaza komeo. "Muda umeshapita. Tutaondoka asubuhi, nakuahidi. Sasa nisikilize, wewe msomi. Litakalosemwa nje ya mlango huu usilijibu. Hata herufi moja."

"Nani atakayesema?"

"Majirani."

Nikacheka. Naye hakucheka. Alivuta kiti akakiweka karibu na mlango, akaketi kwa mgongo ulionyooka, mikono mapajani, kama aliyeketi mbele ya mtambo wake wa simu.

Dirishani mwanga ukawa wa kijivu, kisha wa majivu.

Chini kabisa, mlango wa nje ukafunguka.

Nikasikia nyayo. Hazikuwa nyayo za mtu mmoja. Zilikuwa za watu wengi waliochoka, wenye mizigo, wanaorudi kwao. Zilipanda polepole. Zikagawanyika ghorofa ya kwanza. Zikagawanyika ghorofa ya pili. Kisha zikaja kwetu.

"Hodi..."

Sauti ya mwanamume. Niliifahamu. Ilikuwa ya fundi saa wa ghorofa ya pili, niliyemwosha mimi kwa mikono yangu hii siku aliyofariki.

Dada akajibu kwa sauti laini isiyo na huruma wala chuki, sauti ya kazini: "Wenyewe wamehama."

Mtu akavuta pumzi nje ya mlango. Kisha nyayo zikashuka.

"Hodi..." Sasa mtoto.

"Wenyewe wamehama, mwanangu."

Akaja wa tatu. Wa nne. Dada aliwajibu wote kwa maneno yale yale. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, na chumba kilikuwa baridi. Katikati ya mmoja na mwingine akaninong'oneza:

"Hawana ubaya. Walihamishwa, wakafia huko wasikokujua. Sasa hii ndiyo anwani pekee waliyonayo. Ukiwaambia wenyewe wamehama, wanaamini mpaka kesho yake."

"Na ukiwakaribisha?"

"Wamechoka, Mziwanda. Wanataka kulala tu. Na hakuna vitanda tena jengo zima, kuna meza." Akanitazama. "Watalala wapi?"

"Hizi ni ofisi. Kwa nini hawaingii chini?"

"Mahali ambapo hakuna alalaye si nyumba. Hawapaoni."

Nilianza kusoma nilichohifadhi. Ulimi wangu ulikuwa mzito. Nilitaka kumwambia kwamba maiti hawabishi hodi, na nilikuwa na hoja zake zote, mlango kwa mlango, kitabu kwa kitabu.

Ndipo nyayo za mtu mmoja zikapanda, nyepesi, zikivuta mguu wa kushoto.

Dada akafumba macho. "Huyu ndiye," akasema. "Huyu kila siku huja wa mwisho."

Hapakubishwa hodi. Kiganja kilipapasa mbao, kama kinachotafuta kasoro kinayoijua. Kisha:

"Asalamu alaikum, wanangu. Mbona mmefunga?"

Mama.

Enyi mnaonisikiliza, nimesomesha miaka arobaini kwamba kutoa salamu ni hiari na kuirudisha ni wajibu. Nimewachapa watoto kwa kunyamazia salamu. Ulimi wangu haujapata kuinyamazia, hata ya adui, hata nikiwa usingizini. Mke wangu ni shahidi. Nakuapieni, sikuamua. Nilikuwa bado nauliza moyoni iwapo ni yeye, na jibu lilikuwa limeshatoka.

"Waalaikumu salamu, Mama. Karibu."

Dada alinigeukia. Sikuona hasira usoni mwake. Niliona uso wa mtu aliyebeba kitu kizito miaka kumi na moja, na mwingine akampiga kiwiko cha mkono.

"Mdogo wangu," akasema. "Umelikaribisha jengo zima."

Komeo halikuguswa. Mlango haukufunguka. Hata hivyo waliingia.

Sikuona mtu. Niliona pazia likisogea, likisogea tena. Nilisikia harufu ya udongo uliomwagiwa maji, na ndani yake sabuni ya kufulia. Nilihisi mabega yakinipita, moja baada ya jingine, kwa adabu, kama watu wanavyopishana kwenye ukumbi mwembamba. Na kila aliyenipita alininong'onezea sikioni:

"Samahani, baba."

"Samahani, baba."

"Samahani..."

Mmoja akanishika kichwa kidogo, kama anayempitia mtoto. Kiganja chake kilikuwa na sugu ya sindano kidoleni.

Wote walikuwa wakienda kwa dada yangu. Mahali pengine pa kulala hapakuwapo. Alisimama ukutani, mikono ameinyoosha mbele, akisema kwa ile sauti ya kazini, "Nafasi hakuna... nafasi hakuna, samahani... nafasi..." Kila neno lilikuwa fupi kuliko lililotangulia. Nilimrukia nikamkumbatia ili mwili wangu uwe kizuizi. Walipita kati yetu kama maji yapitavyo kati ya vidole.

Kisha kukatulia.

Dada akafungua kinywa, akapiga mwayo. Mwayo mmoja, mrefu. Haukwisha. Nilikuwa nikiusikia ukibadilika sauti, wa mwanamke, wa mzee, wa mtoto, mpaka nikaziba masikio yangu.

Akajilaza sakafuni akalala.

Asubuhi mlinzi alipanda na wenzake watatu. Dada yangu alikuwa mwembamba, mifupa na kanga. Wanaume wanne walimshusha kwa kupumzika kila ghorofa, na gari lilipompokea lilishuka mpaka likagusa barabara. Mlinzi alinitazama, akatazama madirisha ya juu, akaweka funguo zake juu ya kiti, akaenda zake. Nasikia hakurudi tena.

Daktari alisema ni uzee, na kwamba ubongo wa mpweke hunyauka. Huenda. Sina elimu ya kumpinga.

Huu ni mwaka wa nne dada yuko kwangu, huku pembezoni. Mchana hula, huoga, hutazama ukuta. Magharibi ikiingia husimama, huenda mpaka mlango wa mbele, huweka paji la uso wake kwenye mbao. Kisha hubisha hodi.

Kutoka ndani.

Huanza fundi saa. Humfuata yule mtoto. Hupishana wote kinywani mwake, taratibu, bila kusukumana, mpaka Mama anapouliza mbona tumefunga. Mke wangu alivumilia mwaka mmoja, kisha akahamia kwa binti yetu, na simlaumu. Mimi huketi na tasbihi yangu. Meno nimeyabana. Mimi, niliyechapa watoto wa watu kwa kunyamazia salamu, huzinyamazia kumi na saba kila jioni.

Hizo nimezizoea. Nisiyoizoea ni ya mwisho.

Wote wakishanyamaza, hupita kitambo. Kisha huja sauti moja ndogo, ya mbali mno, kama ya mtu aliye nyuma ya umati, anayejaribu kusikika juu ya mabega ya wengine.

"Mziwanda... ni mimi. Nifungulie."

Ni yeye. Sina shaka kwamba ni yeye. Wala sijui ni mlango upi anaotaka niufungue, maana yumo ndani tayari, na nikimwambia karibu sijui nani mwingine atasikia. Kwa hiyo hunyamaza. Naye huita. Huita kama alivyoita zile siku mbili sakafuni, mpaka sauti inapokauka.

Nanyi mlionisikiliza mpaka hapa, Mola awape nyumba zinazowajua. Awafunike muda wa kulala kwenu, na awaamshe mkiwa ninyi wale wale mliolala. Amina.