Zuhura na Vidole vya Teksi

Kila siku saa mbili asubuhi, Othmani aligonga sufuria kwa kijiko. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele. Binti yake Zuhura, mwenye miaka tisa, alitoka chumbani amevaa sare. Alisimama mbele ya meza ya chakula akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Mwalimu mwenyewe ni baba yake mzazi. Dakika tano kabla walikuwa wanakunywa chai pamoja.

Familia hii ilitoka Tanga Zuhura akiwa mchanga. Sasa inaishi Yeoville, Johannesburg, ghorofa ya pili. Shule ya karibu ilikuwa imejaa, ndipo Othmani akaamua kumfundisha mtoto nyumbani kabla ya kwenda kuuza mablanketi. Nia ilikuwa njema. Lakini Zuhura alinakili tu kitabu cha zamani kutoka Tanga, kuhusu mashamba ya mkonge ambayo hajawahi kuyaona. Akikosea, anarudia mara hamsini. Baada ya miezi mitatu, hakuweza kusoma ukurasa mmoja bila kulia. Baba akasema mtoto ni mvivu. Nauliza, mvivu wa kufikiri hapo alikuwa nani?

Zuhura alipenda kukaa dirishani. Kule chini, kwenye kona, watu walisimamisha teksi kwa ishara za vidole. Kidole kikielekea juu, abiria anakwenda katikati ya jiji. Kikielekea chini, anakwenda hapa karibu. Zuhura alizichora ishara zote kwenye daftari. Siku moja Othmani alilikuta daftari hilo. Alilichana vipande viwili akalitupa.

"Nimekuja mpaka huku ili mwanangu asome vidole vya teksi?" alisema. "Mwezi ujao anakwenda Tanga kwa bibi yake. Huko atasoma."

Kidawa, mama wa Zuhura, aliweka mwiko chini.

"Mwanangu haendi popote," alisema. "Wewe umeshindwa kufundisha, halafu adhabu apewe yeye? Nitenganishwe na mtoto kwa sababu ya daftari?"

"Nimeshasema. Na mama nimeshampigia simu."

Kidawa aliokota vipande vya daftari akateremka navyo hadi kwa Angélique, fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Kwao Angélique alikuwa mwalimu. Hapa watoto wake wawili wanasoma nyumbani, na wanasoma kweli.

Jioni ile Angélique alipanda ngazi na daftari limeunganishwa kwa uzi. Hata kukaa hakukaa.

"Papa Zuhura, hii kazi ulipasua, uliisoma kwanza?"

"Ni michezo tu, dada."

Angélique alimpa Zuhura daftari. "Mama, huyu mwenye kidole hivi anaenda wapi?"

Zuhura alimtazama baba yake kwanza. Kisha alianza kueleza. Kando ya kila picha alikuwa ameandika jina la mahali, na alisoma yote bila kukwama. Alisoma Randburg. Alisoma Kensington. Hayo hakufundishwa na mtu; aliyasikia yakiitwa pale kwenye kona akayaandika mwenyewe.

"Umeona?" alisema Angélique. "Mutoto eko anasoma. Wewe njo hauone." Yaani asiyeona ni baba.

Othmani alikunja uso. "Na hesabu je? Nimwache acheze tu kutwa?"

"Nani alisema umwache? Kumwacha peke yake ni makosa vilevile. Anza na kitu anapenda, halafu uweke masomo ndani. Leta ramani. Uzi kutoka Yeoville mpaka Randburg, apime. Sentimita moja ni kilomita ngapi? Hiyo ni hesabu. Aandike maswali ya kuuliza abiria. Hiyo ni lugha. Kazi zote muweke kwenye faili, na tarehe. Na kwenye idara ya elimu ya mkoa mulijiandikisha?"

Othmani alitikisa kichwa.

"Mukajiandikishe. Sheria inataka, hata kama unafundisha mutoto wako mwenyewe."

"Mwezi mmoja," alisema Othmani. "Nitajaribu mwezi mmoja tu."

Asubuhi iliyofuata sufuria haikugongwa. Ramani ilibandikwa ukutani, na nyuzi za Angélique zikaanza kuongezeka. Wiki hiyohiyo walipeleka maombi kwenye idara.

Katika wiki ya tatu Zuhura aliuliza, "Baba, kwa nini watu wa Soweto wanakaa mbali hivi na kazi zao?"

"Sijui," alisema Othmani. Hakuwa amewahi kumwambia mtoto neno hilo. "Twende maktaba tukatafute."

Huko walipata kitabu. Kilieleza jinsi sheria za ubaguzi zilivyowaondoa watu weusi karibu na jiji na kuwaweka mbali. Zuhura alisoma kwa sauti, polepole, kurasa mbili nzima. Alikuwa amekasirika, lakini hakulia.

"Eish, Baba," alisema. "Hii si haki kabisa."

"Si haki," alisema Othmani. "Endelea kusoma."

Mwezi ulipokwisha, bibi alipiga simu kutoka Tanga. Alitaka kujua siku ya kumpokea mjukuu. Kitanda alikuwa ameshakitandika.

"Haji tena, mama," alisema Othmani. "Anasoma hapa nyumbani. Mimi ndiye niliyekosea."

Kidawa alikuwa jikoni, akasikia. Hakumwambia asante, na mimi simlaumu.