Nyama Iliyolala Kwenye Nanasi

"Umeweka nanasi?" Fundi Umeme aliuliza, macho yamemtoka, kidole kikionyesha bakuli la kachumbari.

"Nanasi, embe, kitunguu, pilipili na ndimu," Mpishi alimjibu mchumba wake huku akipepea mkaa. "Kwa joto hili nyama ya kuchoma inataka kitu cha baridi. Kwani vipi?"

"Mama hali nanasi! Linamvimbisha koo. Mara ya mwisho nusura tumzike."

Mpishi aliacha kupepea. "Na unaniambia leo?"

"Nimesahau, mpenzi. Nisamehe."

Wanaume! Anakumbuka kila waya wa nyumba za watu, la mama yake mzazi linampita.

Mpishi alimwaga kachumbari yote, akasugua ubao na kisu, akakata maembe mapya. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoa neno la mwisho kuhusu ndoa, na mchumba aliyetangulia alikataliwa kwa kosa la kuchelewa kusalimia tu.

Mama akafika, akaketi kivulini, sahani mapajani.

"Nyama laini hii! Hata kisu hakina kazi. Umeifanyaje, binti?"

Mpishi alifungua mdomo ajibu, akakumbuka. Hotelini anakopika, nyama ngumu hulazwa kwenye maji ya nanasi ili ilainike. Jana jioni mikono yake ilifanya hivyo hivyo kwa mazoea. Akisema, ndoa imekwisha. Asiposema...

Mama alishapeleka kipande mdomoni.

"Tema, mama! Tema!" Mpishi aliruka, akaipiga sahani ikaanguka na kuvunjika. "Niliilaza kwenye nanasi! Ni mimi, mama, nimesahau!"

Mama alitema. Mdomo wa chini ulishaanza kuvimba. Fundi Umeme akambeba mama yake mpaka kwenye gari, wakaondoka mbio.

Mpishi alibaki peke yake uani. Nyama iliyobaki ikaungua juu ya mkaa, hakuigusa. Aliandika ujumbe: "Anapumua?" Kimya. Akaandika tena: "Nijibu, nakufa kwa hofu." Kimya.

Simu ikaita. Namba ya Fundi Umeme.

"Halo! Niambie, anapumua?"

"Napumua," ilijibu sauti ya mama, nzito, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Mpishi akapiga magoti pale pale, utadhani anaonekana. "Nisamehe, mama."

"Daktari anasema ningemeza, sasa hivi mngekuwa mnalia. Binti, ungenyamaza nani angejua?"

"Nilitaka kunyamaza, mama. Niliogopa utanikataa."

"Mimi nilikuwa naogopa zaidi," mama alisema taratibu. "Kila usiku nawaza, mwanangu asije akaniletea mtu wa kunichekea usoni na kunificha mambo. Leo umenipigia kelele mbele ya mwanangu, umenivunjia sahani."

"Nitanunua nyingine, mama."

"Nyamaza. Waambie wazazi wako tunakuja Jumamosi kupanga harusi."

Machozi yakamtoka Mpishi. "Mama..."

"Hiyo nyama itupe yote. Ila kachumbari ya embe usiiguse, mkwe wangu. Tunarudi sasa hivi, na nina njaa."