Maziwa, Lala

Huyu ni Mghoi. Ana miaka mitano na nusu. Hiyo nusu usiisahau, maana atakukumbusha.

Mghoi anakaa na nyanya na babu, juu kwenye milima ya Taita. Asubuhi huko ni baridi, na ukungu huingia jikoni bila kubisha hodi.

Nyanya ana ng'ombe mmoja. Anaitwa Mwalimu. Anakuangalia tu, anakuangalia, mpaka unakumbuka kosa lako.

Kuna paka pia. Anaitwa Askari. Hajawahi kushika panya hata mmoja.

Kila asubuhi, kabla jogoo hajawika, nyanya anaamka. Anavaa sweta. Anavaa sweta nyingine juu yake. Anaenda kumkamua Mwalimu.

Churrr, churrr, churrr. Maziwa yanaingia kwenye ndoo.

Nyanya anayachemsha. Anayapoza. Anayamimina kwenye kikombe cha bluu. Kikombe cha bluu ni cha Mghoi peke yake.

"Kunywa, mama," anasema nyanya. "Kunywa ukue."

Mghoi anakunywa. Maziwa ni matamu. Mafunda matano, kwisha. Halafu anangoja kidogo.

"Gulu-gulu-gulu," linasema tumbo.

"Nimesikia," anasema Mghoi.

Anakimbia chooni. Choo kiko nyuma ya migomba. Ni hatua arobaini, Mghoi amezihesabu. Siku nyingine hatua arobaini ni nyingi mno.

Babu naye anakunywa maziwa yale yale, vikombe viwili. Tumbo la babu halijawahi kusema kitu. Babu mwenyewe pia si msemaji.

Sasa utauliza, kwa nini Mghoi hakumwambia nyanya?

Kwa sababu Mghoi anampenda nyanya. Na nyanya anaamka kwenye baridi, na sweta mbili, kwa ajili ya kikombe kimoja cha bluu. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba maziwa yake yanakuumiza?

Mghoi hakujua. Kwa hiyo alinyamaza.

Jumatatu akanywa. "Gulu-gulu-gulu," likasema tumbo.

"Nimesikia," akasema Mghoi.

Jumanne akanywa. "Gulu-gulu-gulu," likasema tumbo.

"Nimesikia, nimesikia," akasema Mghoi, akiwa tayari hatua ya ishirini.

Jumatano, nyanya alipotoka nje, Mghoi hakunywa. Alitazama huku. Akatazama kule. Akaweka kikombe chini ya meza.

Chini ya meza alikuwepo Askari.

Lamba, lamba, lamba.

Nyanya akarudi, akakuta kikombe kitupu. Akafurahi. Akamwambia Mghoi kwamba anamwona kabisa anavyokua.

Siku hiyo tumbo halikuuma. Uliuma moyo. Maumivu yalikuwa yamehama tu.

Alhamisi, lamba, lamba, lamba. Ijumaa, lamba, lamba, lamba. Na wiki nzima iliyofuata.

Askari akanenepa. Mghoi akabaki vile vile.

Mlango wa jikoni una tundu dogo chini. Zamani Askari alipita hapo bila shida. Sasa kichwa kilipita, tumbo likabaki nje.

Babu akamtazama paka aliyekwama. Akamtazama sana.

"Panya wameongezeka," akasema babu.

Asubuhi moja nyanya alikaa mezani. Si kawaida yake. Kwa kawaida anamimina maziwa, anatoka kumkatia Mwalimu majani. Lakini siku hiyo goti lilimuuma, akakaa. Akamtazama Mghoi.

Ilibidi Mghoi anywe. Akanywa funda moja. Akanywa la pili. Akanywa polepole sana.

Askari akaja. Akapanda kwenye kiti kwa shida. Akakaa mbele ya kikombe cha bluu, akangoja kama mtu aliyeagiza chai.

Nyanya akamtazama Askari. Askari akamtazama nyanya.

"Nyau," akasema Askari. Maana yake ilikuwa wazi. Alikuwa anasema kwamba leo mmechelewa.

"Mghoi," akasema nyanya. "Huyu paka anadai nini?"

Machozi yakamjaa Mghoi. Alijaribu kuyazuia, lakini machozi hayana tundu la kukwama.

"Nyanya, maziwa yako ni matamu," akasema. "Lakini hayaelewani na tumbo langu. Nampa Askari. Sikutaka ujue."

Nyanya akainuka. Akasogeza kiti. Akapiga goti moja, lile lisilouma. Akaweka sikio lake kwenye tumbo la Mghoi.

Akasikiliza.

"Gulu-gulu-gulu," likasema tumbo.

"Nimesikia," akasema nyanya.

Hakukasirika hata kidogo. Alimkumbatia Mghoi kwa mikono yote miwili. Mikono yake ilinukia moshi na ilinukia Mwalimu. Mghoi angependa kukaa hapo mpaka mchana, lakini ilibidi akimbie hatua arobaini.

Aliporudi, aliuliza kama maziwa ni mabaya.

Nyanya akafikiri. Akasema kwa babu ni mazuri. Kwa ndama ni mazuri kabisa. Lakini matumbo ni kama watu, hayapendi vitu sawasawa, na tumbo la Mghoi lilikuwa limesema waziwazi.

Mghoi akauliza kama basi hatakua.

Nyanya akasema atakua. Kuna maharagwe, kuna mchicha, kuna mayai, na mifupa haina maringo.

Kisha Mghoi akauliza swali lililomtisha kuliko yote. Aliuliza kama kikombe cha bluu sasa ni cha babu.

"Kikombe ni chako," akasema nyanya. "Tutajaribu maziwa lala."

Wewe huenda unayajua maziwa lala. Ni maziwa yaliyowekwa mpaka yakawa mazito na machachu kidogo. Mghoi hakuyajua. Nyumbani kwao maziwa hayakuwahi kufika hapo, maana babu aliyamaliza mapema.

Mghoi alisikia maneno mawili tu. Maziwa. Lala.

Akaelewa kwamba maziwa yanatakiwa kulala usingizi.

Nyanya akamtuma babu kwa jirani, akaombe kijiko kimoja cha lala, kiwe mbegu. Babu akavaa gambuti zake, akaenda. Akarudi baada ya saa mbili na kijiko kimoja. Kule alikuwa amekaribishwa chai.

Nyanya akaosha kibuyu. Akamimina maziwa yaliyochemshwa, yakiwa vuguvugu. Akatia kile kijiko cha lala. Akafunika. Akaweka kibuyu kwenye kona.

"Msiyaguse," akasema nyanya. "Kwa baridi hii, yatalala kesho kutwa."

Akaenda kumkatia Mwalimu majani.

Mghoi akabaki kwenye kona. Akatega sikio. Maziwa yalikuwa kimya, lakini hilo halikumtosha. Mtu anaweza kunyamaza na bado yuko macho. Mghoi mwenyewe hufanya hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana.

Akakipapasa kibuyu taratibu.

"Maziwa, lala," akasema. "Lala, maziwa."

Jogoo akawika uani. Kokorikoo.

Mghoi akatoka. "Shhh," akasema. "Maziwa yanalala."

Jogoo akaondoka. Hakuomba msamaha.

Mghoi akarudi kwenye kona. "Maziwa, lala. Lala, maziwa."

Babu akaingia na gambuti. Bwata, bwata, bwata.

"Shhh, babu. Maziwa yanalala."

Babu akakitazama kibuyu. Akamtazama Mghoi. Akavua gambuti ya kulia. Akavua ya kushoto. Akapita jikoni kwa ncha za vidole, mkono mmoja ukutani, mpaka upande wa pili.

Hakuuliza kitu. Babu si msemaji.

"Maziwa, lala. Lala, maziwa."

Mwalimu akalia bandani. Mooooo.

Mghoi akaenda bandani. "Shhh," akasema.

Mwalimu akamwangalia. Akamwangalia. Mghoi akakumbuka makosa yake yote, hata yale ya mwaka jana. Lakini hakurudi nyuma.

"Ni maziwa yako," akamwambia. "Wewe hasa ungenyamaza."

Mwalimu akaendelea kutafuna.

Jioni, ukungu ukarudi jikoni. Mghoi akagusa kibuyu. Kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Mghoi alisikitika. Nani anaweza kulala hivyo?

Akaleta blanketi lake, lile jekundu. Akakizungushia kibuyu mara tatu. Akakisogeza karibu na jiko, mahali Askari anapolala. Askari akaambiwa asogee.

Askari alisogea kidogo, kisha akaegemea kibuyu. Siku hizo alikuwa na mwili wa kupasha joto nyumba nzima.

"Maziwa, lala," akanong'ona Mghoi. "Lala, maziwa."

Yeye akaenda kulala kwa nyanya, maana blanketi lake lilikuwa kazini.

Asubuhi nyanya akafunua kibuyu, kuangalia tu. Akachungulia. Akachungulia tena. Akamwita babu naye achungulie.

"Yamelala," akasema nyanya.

Siku moja tu, wala si mbili. Maziwa yalikuwa mazito, meupe, yametulia. Nyanya akalitazama blanketi jekundu. Akamtazama Askari, ambaye bado alikuwa anakoroma. Akauliza nani ameyafunika.

"Mimi," akasema Mghoi. "Yalikuwa yanasikia baridi."

Nyanya akacheka mpaka akakaa chini. Akasema maziwa lala hutaka joto, na blanketi na paka ndivyo vilivyoyaharakisha. Tangu zamani, alipokuwa akitengeneza lala, alijua tu kungoja siku mbili. Hakuna aliyewahi kumwambia habari ya blanketi.

Mghoi hakuelewa kinachochekesha. Mtu akisikia baridi, anafunikwa.

Nyanya akamimina lala kwenye kikombe cha bluu. Akajaza nusu tu, ili wasilishtue tumbo.

Mghoi akaonja. Uso wake wote ukajikunja, pua ikasogea karibu na macho.

"Yameamka vibaya," akasema.

Nyanya akaponda ndizi moja mbivu, akaikorogea ndani. Mghoi akaonja tena. Uso ukarudi mahali pake. Akanywa nusu kikombe yote.

Halafu wakangoja. Mghoi akangoja. Nyanya akangoja. Babu akatoa saa yake mfukoni, akaiweka mezani, akangoja.

Askari naye akangoja, lakini yeye alikuwa anangoja jambo lingine.

Tumbo halikusema kitu.

Mghoi akaliinamia. "Unasemaje?" akaliuliza.

Tumbo halikusema kitu.

Wakangoja mpaka ukungu ukaondoka. Wakangoja mpaka Mwalimu akaita majani yake. Kule nyuma ya migomba, hatua arobaini zilikaa pale pale, na hakuna aliyezikimbia.

Babu akarudisha saa mfukoni.

"Limekubali," akasema babu. Kwa babu, hiyo ni hotuba.

Jioni nyanya akatayarisha kibuyu kingine. Mghoi akaenda kuchukua blanketi lake jekundu akifunike. Alipofika jikoni, kibuyu kilikuwa kimeshavalishwa sweta ya babu, hadi shingoni. Babu alikuwa amekaa kando, akitazama dari.

Kwa hiyo blanketi likapumzika, likarudi kitandani.

Mghoi akapanda kitandani. Nyanya akaja, na sweta zake mbili. Akapiga goti lile lisilouma. Akaweka sikio kwenye tumbo la Mghoi.

"Unasikia nini?" akauliza Mghoi.

"Ngoja kidogo," akasema nyanya.

Mghoi akangoja. Kimya.

"Na sasa?"

Nyanya hakujibu. Mghoi akainua kichwa aone. Nyanya alikuwa amelala, sikio bado liko pale pale tumboni.

Nyanya huamka kabla ya jogoo kila siku. Lazima alikuwa amechoka sana. Mghoi akamtazama.

Hakujisogeza hata kidogo. Akalivuta blanketi jekundu, polepole, polepole. Akamfunika nyanya mpaka mabegani.

"Nyanya, lala," akanong'ona. "Lala, nyanya."

"Khorrr," akakoroma nyanya. "Khorrr."

"Nimesikia," akasema Mghoi.

Naye akalala.