Mshumaa Aliouwasha Keza

Jumapili moja ya Mei, jua lilipoanza kuzama nyuma ya mapaa ya St Marys, viungani mwa Sydney, Dévote alimpeleka binti yake Keza makaburini. Walibeba chungu cha maua ya krisantemu ya njano, mfuko wa majani mekundu ambayo Keza aliyaokota chini ya miti ya mtaani, na mshumaa mmoja.

Miezi mitano ilikuwa imepita tangu Bibi Chibalonza, mama yake Dévote, azikwe. Dévote hakuwa amelia hata siku moja. Usiku mama alipokata roho, yeye alikuwa kazini katika nyumba ya wazee, akimwosha mama wa watu, simu ikiwa kabatini. Mama alipiga mara tatu. Tangu hapo moyo wa Dévote ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, lakini hausikii kitu.

Keza akapanga majani kulizunguka kaburi. Upepo ukazima kiberiti mara mbili.

"Jaribu wewe, vidole vyako ni vyepesi," Dévote akasema.

Alikumbuka akiwa amechelewa. Mama yake mwenyewe ndiye aliyekuwa akikataza: mtoto asiwashe mshumaa wa kaburi, kwa maana mwili wa mtoto ni mlango usio na komeo.

Mshumaa ukashika moto. Upepo ulikuwa ukimpiga Keza mgongoni, lakini mwali uliinama kumwelekea yeye... ukatulia hapo. Harufu ya udongo mbichi ikapanda, ingawa mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

"Dévote. Umekula?" Keza akauliza.

Keza alizaliwa Sydney. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza. Tena hajawahi kumwita mama yake kwa jina.

"Mama...?" Dévote akanong'ona.

"Huku kuna baridi, mwanangu. Siku ile nilikupigia."

"Nilikuwa kazini."

"Najua. Uliwaosha mama za watu. Mimi nikaoshwa na wageni. Sasa sikia. Nilitaka kukuambia..."

Midomo ya Keza ilikuwa na rangi ya majivu. Hakupepesa macho. Mshumaa uliokuwa na urefu wa kiganja ulibaki kidole kimoja, na kadiri ulivyopungua, mkono wa mtoto, ambao Dévote alikuwa ameushika, ulizidi kuwa baridi.

Dévote alijua imempasa auzime. Akasubiri.

Neno moja tu.

"Nilitaka kukuambia..."

Keza akaacha kupumua.

Dévote akapuliza.

Moshi. Kisha mtoto akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akauliza kwa Kiingereza chake cha shuleni kwa nini mama anamminya mkono.

Wakiwa njiani kurudi, Dévote alisimamisha gari mbele ya duka karibu na stesheni. Akapapasa mishumaa yote rafuni, akachagua mnene kuliko yote, ule wa kuwaka usiku kucha.

"Jumapili ijayo tutarudi," alisema, akifunga mkanda. "Utamwashia Bibi tena."

Keza, mikono ikiwa kwapani, akauliza kama kutakuwa na baridi vile vile.

Dévote akamwambia watachukua koti.