Mkufu wa Harusi na Ukurasa wa Tatu

Kila asubuhi, ng'ombe wakishatoka kwenda malishoni, Namunyak huketi mlangoni pake Kitengela akitunga shanga. Mikufu yake ya harusi inajulikana hadi Kajiado mjini. Mtindo aliachiwa na mama yake.

Mwezi uliopita alikuja Felix, mfanyabiashara kutoka Ulaya. Alitaka kuuza mikufu hiyo kwao. Alikaribishwa maziwa ya kibuyu, akanywa, akamaliza. Kisha akaacha mkataba wa kurasa nne.

Namunyak alishika kalamu atie sahihi.

"Si usomewe kwanza?" mumewe Katoo akamwuliza.

"Mtu amekunywa maziwa kwangu, halafu nimhoji kama mwizi wa mbuzi? Hiyo ni aibu."

Haya basi! Maziwa ni maziwa, mkataba ni mkataba. Bahati nzuri jirani yao Nyakio aliingia kuomba chumvi. Nyakio anasoma sheria za biashara ya kimataifa chuo kikuu.

"Sopa, mama?" Nyakio akamsalimu Kimaasai. "Hebu nione hiyo karatasi."

Akaanza kusoma. Alipofika ukurasa wa tatu, akakomea hapo.

"Mama, hapa inasema Felix peke yake ndiye atauza mtindo huu, dunia nzima."

"Si ni sawa? Auze huko kwao."

"Dunia nzima, mama. Hata Kajiado iko ndani. Ukisaini, bibi harusi wa hapa akitaka mkufu, hutaruhusiwa kumuuzia."

Kalamu ilimponyoka Namunyak. "Mtindo wa mama yangu? Kumbe ni mwizi kweli!"

"Pole pole. Anayeandika mkataba hujipendelea, ni kawaida. Lakini kabla ya kusaini, wewe pia uko na haki ya kuomba ubadilishwe. Ukishasaini, kurudi nyuma ni kazi ngumu. Tena angalia: mkikosana, kesi itasikizwa kwao."

"Tutaenda na punda?" Katoo akauliza. Hata Namunyak akacheka, ingawa moyo ulikuwa unamuuma.

Walimwandikia Felix barua pamoja. Felix auze Ulaya tu. Mtindo ubaki wa Namunyak. Wakikosana, wasuluhishwe Nairobi.

"Mimi bado ni mwanafunzi," Nyakio alisema. "Tumpelekee wakili aiangalie."

Wakili aliiangalia, barua ikaenda. Wiki mbili Namunyak hakuwa na amani. Aliogopa kwamba amemtukana mgeni, na soko limepotea.

Jibu likaja. Nyakio alimsomea polepole, kwa Kiswahili. Felix amekubali yote. Ameandika kwamba mtu anayeuliza maswali mapema hatamsumbua baadaye. Namunyak akasomewa mkataba mpya, ukurasa kwa ukurasa, ndipo akasaini. Nakala moja akaifungia sandukuni.

Kesho yake mama mmoja kutoka Illasit alifika na binti yake. Harusi iko karibu, wanataka mkufu. Namunyak hakuomba ruhusa ya mtu. Alimpima msichana shingo, akaanza kazi.