Nyar Gem Ameenda Kanisa

Tryphosa Adero alirudi Eldoret peke yake, begi moja mkononi, bila haraka yoyote. Siku mbili nzima alitembea tu. Alisimama kwenye daraja la mto Sosiani, akapita majumba ya mawe ya enzi za mkoloni, akawasikia wazee wakiuita mji Sisibo kama zamani, yaani 'sixty-four' kwa matamshi yao, maana ulianzia kwenye shamba namba sitini na nne. Aliupenda mji huu kuliko kwao. Hapa aliishi na mumewe Ouma miaka kumi na minane, na hapa hapa Ouma alipotelea.

Ouma alitoka asubuhi kwenda kazini, hakufika. Tryphosa alizunguka hospitali na mochari mpaka walinzi wakamzoea, kisha akachoka, akahamia kijijini kwa wakwe zake, Kano. Miaka tisa, jamani! Kila mwaka walimwambia azike. Mjaluo ambaye mwili wake haukupatikana huzikiwa tunda la mti wa yago badala yake, lile refu kama mkono wa mtu. Linalazwa ndani ya jeneza, linaliliwa kama maiti, na mambo ya boma yanaendelea. Bila hivyo vijana wa Ouma hawangeruhusiwa hata kujenga nyumba zao. "Bwanangu yuko hai," alikuwa akisema, nao wanamcheka kisogoni. Ndipo mwezi uliopita shemeji yake Oketch akamsihi kwa machozi, na haki, angefanya nini? Akakubali. Jumamosi, saa saba mchana, wakalifukia lile tunda.

Tangu siku hiyo usingizi ulimkataa. Swali lilikuwa moja tu: je, amemzika mtu aliye hai? Ndiyo maana alikuja, apite kila mahali walipokuwa wakipita na Ouma, labda roho ingetulia.

Siku ya tatu, Jumapili, aliingia hoteli ndogo ya chai nyuma ya soko. Ouma hakuwa mtu wa kanisa. Enzi zao alikuwa akimngoja hapa mpaka ibada iishe. Sasa mwenye hoteli alikuwa msichana asiyemjua, Jeruto, mcheshi kweli kweli.

"Karibu, Mama. Kaa popote, lakini si hapo kwa kona."

"Kuna nini hapo?"

"Ni pa mzee fulani. Wacha tu."

"Niambie."

Jeruto aliweka chai mezani. "Alianza kuja baada ya corona. Akili ilikuwa imeenda. Hajui jina lake, hajui kwao. Tulikuwa tunampa chai bure. Ukimuuliza, anasema anangoja Nyar Gem. Ati ameenda kanisa, anarudi saa hii."

Chai ilimwagika. Tryphosa alizaliwa Gem. Nyar Gem, binti wa Gem, ndivyo mumewe alivyomwita tangu alipomwoa.

"Mkono wake wa kushoto," alinong'ona.

"Kidole kidogo hakikuwepo. Ulikuwa unamjua?"

Alikuwa hai. Miaka yote hiyo alikuwa hai, amekaa hapa, anamngoja, na yeye yuko Kano anapalilia mahindi!

"Yuko wapi?"

Jeruto aliangalia mlango, akainama.

"Mama, usiseme nina wazimu. Ilikuwa Jumamosi, mwezi uliopita, watu wanakula lanchi. Alikuwa amekaa vizuri tu. Akashika kifua. Akaniambia, 'Msichana, waambie waache. Wananifukia.' Nikageuka kumchotea maji kwenye mtungi ulio mlangoni. Kuangalia tena, hayuko. Mlango ni huu mmoja. Na mimi ndiye nilikuwa nimesimama hapo mlangoni."

Tryphosa alienda kwenye kona. Alivuta kiti.

Kilikuwa na udongo.

Udongo wa Eldoret ni mwekundu. Huu ulikuwa mweusi. Ulinata kwenye vidole. Ulikuwa wa Kano, na ulikuwa mbichi.

"Nafagia kila asubuhi," Jeruto alinong'ona nyuma yake. "Nikifungua kesho yake, uko."

Tryphosa alipiga magoti, akalia mpaka wateja wakaacha chai zao wakatoka. "Ni mimi niliyekubali," alikiambia kile kiti. "Ouma, si wao. Ni mimi."

Kisha akampigia Oketch simu. Hakumsalimia.

"Fukueni."

Oketch alibisha. Akataja miiko, akataja wazee, akauliza kama anaumwa.

"Oketch, fukueni sasa hivi, ama nakuja kufukua na mikono yangu."

Alikaa sakafuni kando ya kile kiti, simu mapajani. Jeruto alifunga hoteli mapema, lakini hakuthubutu kumwambia atoke. Simu ililia saa kumi jioni. Oketch alikuwa akihema.

"Shemeji. Tunda liko. Halijaguswa. Lakini..."

"Sema, Oketch."

"Kifuniko. Kimekwaruzwa. Kwa ndani, shemeji, kwa ndani! Na kuna kucha imekwama kwenye mbao. Kucha ya mtu."

Tryphosa alifumba macho.

"Ina damu?"

"Iko nayo."

"Imekauka?"

Ng'ambo ile ya simu alisikia wanaume wakirudi nyuma, na koleo likianguka.

"Bado, shemeji," Oketch alinong'ona. "Bado haijakauka."